Chakula cha paka mtoto hapa Moshi: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Wengi tunachukua paka mtoto kwa jirani sababu ya panya, tunampa ugali na dagaa na maziwa kidogo, akidumaa tunasema ndo alivyozaliwa. Jamani ile ni njaa. Paka anakua mpaka afike kama mwaka na tumbo lake dogo, kwahiyo kila anachomeza kiwe na nyama ya kutosha. Nimeshalea wanne, hela yangu ningeipanga hivi.

Namba moja ni chakula kikavu cha watoto, mfuko uliofungwa kiwandani. Angalia lebo iwe na neno Kitten, mfano Whiskas ya watoto imeandikwa miezi 2 mpaka 12. Hiki cha kiwandani kimewekwa taurini, kitu ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea wa kutosha na akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Wa wiki nne tano mlowekee kwa maji ya uvuguvugu kiwe kama uji mzito, akifika wiki nane anatafuna mwenyewe. Ila ukipimiwa kwenye gunia lililo wazi nusa kwanza! Mimi niliwahi kupimiwa kilo duka moja, nafika nyumbani kinanuka kama mafuta yaliyokaa sana, paka kanusa kaondoka zake, na hela imeshaenda.

Namba mbili ni kile laini cha kopo au cha kifuko. Ni kitamu na kina maji mengi, kizuri sana kwa paka mvivu wa kunywa, ila bei ndo inaumiza, kila siku hutaweza. Mimi nachanganya kijiko kimoja juu ya kikavu.

Tatu, cha kupika. Moyo na firigisi za kuku unakatakata ndogo ndogo, maini kidogo tu mara moja kwa wiki maana yakizidi vitamini A inamdhuru, na dagaa. Dagaa wa Mwanza pale soko la Mbuyuni ni rahisi lakini wana mchanga, wasugue kwenye beseni mara tatu mpaka chini usione mchanga, chemsha bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, hivyo ni sumu kwa paka. Usimpe mifupa iliyopikwa. Hiki ni cha kusaidizia, kisiwe peke yake mwaka mzima.

Ugali na dagaa wawili watatu naweka mwisho kabisa, hapo anashiba unga. Chakula cha mbwa usinunue hata kikiwa nusu bei, hakijatengenezwa kwa mwili wa paka. Na maziwa ya ng'ombe jamani acheni, wa kwangu wa kwanza aliharisha siku mbili mpaka ngozi ya shingo ukiivuta hairudi, dokta wa mifugo ndo akaniambia ni maziwa. Mpe maji safi.

Miezi 2 mpaka 4 lisha mara nne kwa siku, mpaka 6 mara tatu, baada ya hapo mara mbili inatosha. Akifunga mwaka hamia cha wakubwa, changanya robo, nusu, robo tatu ndani ya wiki nzima, ukibadilisha ghafla tumbo linavurugika. Kama ameshafungwa kizazi punguza kipimo mapema, hao wananenepa haraka sana.