TAHADHARI: "Jenereta ya maboya" hapa Moshi, msitoe hela

Habari zenu wapendwa. Kuna vijana wawili wanauza mtambo wa umeme "usiotaka mafuta wala jua". Mimi wameshanila laki 6 za kishika uchumba, kwenye bei yote ya milioni 2.4.

Nafuga vifaranga, na umeme ukikatika usiku ni mimi na jiko la mkaa. Kwa hiyo nilikuwa windo rahisi.

Maonyesho yalifanyika kwenye ua wa nyumba moja huko Pasua. Tenki la plastiki limekatwa juu, maji kina cha mita 2 hivi, ndani kuna mnyororo uliofungwa madumu ya lita 20. Dumu likifika chini, kompresa inalijaza hewa, linapanda. Likifika juu linapinduka, linajaa maji, linashuka. Mnyororo unazungusha dainamo, taa inawaka. Eti kompresa nayo inakula umeme wa dainamo hiyo hiyo, na bado unabaki na kilowati 3 za kwako. LUKU unaisahau. "Ni kama bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu, mama, ila iko uani kwako."

Nilipomsimulia mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi umeme, alicheka mpaka nikakasirika. "Mamdogo, kulijaza dumu hewa kule chini lazima usukume lita 20 za maji zitoke. Ni sawa na kubeba ndoo ya lita 20 ukaipandisha mita 2. Dumu likipanda linakurudishia nguvu ile ile uliyoitoa, tena pungufu, maana mnyororo unasuguana na kompresa inapata moto."

Akachukua kalamu. Dumu moja likipanda mita 2 linatoa jouli 400 kasoro kidogo: taa ya wati 10 inawaka sekunde 40, basi. Kilowati 3 zinataka madumu karibu 8 yapande kila sekunde! Yale niliyoyaona yalikuwa yanakwenda kama msafara wa mazishi.

Na Nyumba ya Mungu? Kule maji yanashuka tu. Kuyapandisha ni kazi ya jua na mvua, hakuna anayeyalipia.

Kesho yake alikwenda kama mteja. Chini ya kiroba kando ya tenki akakuta waya, akaufuata, ukaishia kwenye betri ya gari. Wakamwambia ni ya kuwashia tu. Akasema sawa, ichomoeni tuone. Ghafla wakakumbuka wana safari ya Arusha.

Simu zao hazipatikani tena. Risiti waliyonipa ina muhuri wa duara usio na jina la biashara wala TIN, nami bila aibu niliikunja nikaiweka kwenye Biblia. Polisi nimeshatoa taarifa. Nasikia sasa wanaonekana Tengeru na Usa River kwa wafugaji wenzangu. Mmoja ni mrefu, mpole, anakuita "mama" kila sentensi. Kama nawe una risiti ya muhuri ule, nitumie ujumbe twende kituoni pamoja.