Boti ya Pangani kwenda Maziwe, na yule kijana aliyetueleza maziwa ya pomboo

Jumamosi tulienda kisiwa cha Maziwe mi na wifi yangu, safari yangu ya kwanza toka nijifungue, mtoto nikamwacha kwa bibi yake Tanga mjini. Tumelipa elfu sabini kwa kichwa na chakula humohumo, kiingilio cha hifadhi mbali. Tulichelewa kuondoka karibu saa zima, na maboya mawili ya kuvaa yamekatika mikanda, hilo warekebishe jamani. Pweza wa nazi mtamu.

Ila kilichonifanya niandike ni kijana anayetembeza wageni. Njiani tukakuta pomboo kama kumi, mmoja kagandwa na mtoto ubavuni, abiria wakaanza kelele sogea sogea, nahodha akazima injini akakataa kabisa. Kijana akasema huyo mtoto ananyonya sekunde chache tu anaachia anarudi tena, ukimkimbiza mama umemnyima mtoto kula. Afu akatueleza kitu sijawahi kusikia, yani sumu kama DDT, ile dawa ya kuulia wadudu, na PCB iliyokuwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani, hiyo PCB Marekani walishapiga marufuku kuitengeneza toka 1979 lakini baharini bado ipo, maana sumu hizi haziozi upesi, zinaganda kwenye mafuta ya kiumbe, samaki mdogo anazila, mkubwa anamla mdogo, mpaka zinajilundika kwa pomboo chini ya ngozi miaka na miaka. Sasa akizaa, maziwa yake mazito yana mafuta mengi mno, na yale mafuta yake mwilini yakigeuka maziwa yanatoka na sumu yake, inaingia kwa mtoto. Kati ya watoto wake, anayebeba nyingi kuliko wote ni kifungua mimba, maana anapokea malimbikizo ya mama toka utotoni, wadogo zake wanakuta imepungua. Kule Sarasota, Florida, wanakofuatilia pomboo miaka mingi, walikuta watoto wa kwanza wanakufa zaidi. Dume hana pa kuishushia, inaongezeka tu. Nikadhani ni mambo ya hukohuko, kumbe hata pomboo wa Zanzibar walionasa kwenye nyavu walishapimwa, DDT ikakutwa.

Wangu mimi ndo kifungua mimba. Nikauliza mbele za watu, kaka na sisi je, nimwachishe? Akasema hapana dada, mnyonyeshe, WHO wenyewe wanataka miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama matupu, sisi tunakula ugali na mchicha, samaki kwa siku zake, pomboo akishaacha ziwa ni samaki na ngisi mpaka anakufa. Alinijibu taratibu bila kunitisha, Mungu ambariki.

Mara boti nyingine ikaja kasi ikawazunguka, mama akazama na mwanae hatukuwaona tena. Iliniuma sana. Kabla hamjalipa muulizeni nahodha kama anazima injini, akiwaahidi kuwafukuzia pomboo mpaka mpate picha tafuteni mwingine.

Tumerudi jioni maziwa yamejaa yananiuma, sikupita hata nyumbani, moja kwa moja kwa bibi kumchukua mwanangu anyonye.