Tathmini ya nano: kihariri kinachovumilia mtandao wa Lamu

Anayetunza seva akiwa Lamu hufanya kazi kwa mbali. Mashine iko Nairobi au Ujerumani, yeye yuko mtaa wa Mkomani na laptopu au simu, na katikati kuna SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) inayopita juu ya bando la simu. Kuta za nyumba za mawe ni nene: darini mtandao unashika, ukiteremka ukumbini unakufa huku faili bado liko wazi. Kwa hiyo kihariri kipimwe kwanza kwa jambo moja: laini ikikatika, maandishi ambayo hayajahifadhiwa yanakwenda wapi?

Hapo nano, kihariri kidogo cha maandishi cha terminal, inafaulu vizuri. Kikao cha SSH kikifungwa ghafla, kabla ya kuzimika huandika kazi yako kwenye faili jipya lenye `.save` mwishoni. Kama ulikuwa ndani ya `nginx.conf`, faili la mipangilio ya nginx (programu inayohudumia tovuti), utakuta `nginx.conf.save` kando yake na faili la asili halijaguswa. Zilinganishe kwa `diff nginx.conf nginx.conf.save`, chukua unachokihitaji, kisha ufute hiyo `.save`.

Ila haitokei papo hapo. Seva haijui kwamba umepotea mpaka ikuite ikose jibu, na kwa mpangilio wake wa kawaida sshd (programu ya SSH upande wa seva) yenyewe haiiti, kwa sababu `ClientAliveInterval` ni 0. Kwenye `/etc/ssh/sshd_config` weka `ClientAliveInterval 30` na `ClientAliveCountMax 3`. Baada ya kama sekunde 90 za kimya kikao kitafungwa na `.save` itaandikwa. Hakiki kwa `sudo sshd -t` kabla ya `sudo systemctl reload ssh`, kisha fungua kikao cha pili kujaribu huku cha kwanza kikiwa bado hai. Kosa dogo katika faili hili linakufungia nje ya seva yako mwenyewe.

Kasoro kubwa ya nano iko hapo hapo penye sifa yake: `.save` inabaki palepale ilipoandikwa. Kwenye Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux, nginx husoma kila kitu kilichomo `/etc/nginx/sites-enabled/`, bila kujali mwisho wa jina. Ukihariri `sites-enabled/hoteli` laini ikakatika, `hoteli.save` nayo inakuwa tovuti. Utaona onyo la `conflicting server name`, na kama ndani mna `default_server`, nginx itakataa kuwaka kwa kosa la `duplicate default server`. Mtu anaweza kuhangaika saa nzima akikagua faili zuri, kumbe tatizo ni pacha wake. Dawa ni kuhariri daima ndani ya `sites-available`, folda ambayo nginx haiisomi moja kwa moja, na kupiga `ls` kwenye `sites-enabled` kila baada ya mkatiko. Nakala za akiba zinazoishia na `~` zinaleta shida ile ile. Kwenye `/etc/cron.d` hakuna hatari, maana cron ya Debian (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) hupuuza majina yenye nukta.

Jinsi nano inavyokuja haitoshi kwa kazi ya seva. Ongeza haya kwenye `/root/.nanorc`, si kwenye `.nanorc` yako, kwa sababu kwenye Debian `sudo nano` husoma ya root, msimamizi mkuu wa mashine:

`set linenumbers`
`set tabstospaces`
`set tabsize 2`
`set locking`
`set backup`
`set backupdir "/root/nakala"`

Tengeneza kwanza folda kwa `sudo mkdir /root/nakala`. Kuanzia hapo nakala za `sudo nano` zinakusanyika mahali pamoja badala ya kutapakaa `/etc`. `tabstospaces` inaokoa mafaili ya netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu), kwa kuwa YAML, muundo yanaoandikwa nao, haikubali Tab kwenye ujongezaji. Ukiandika Makefile izime, maana huko Tab ni lazima. Na netplan yenyewe usiitumie kwa `apply` ukiwa mbali. Tumia `sudo netplan try`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani.

nginx ikilalamikia mstari wa 27, `sudo nano +27 /etc/nginx/sites-available/hoteli` inakupeleka pale pale. Hiki ni kitu kidogo, lakini kwenye laini nzito kushuka mstari kwa mstari kunachosha mno.

Skripti iliyoandikwa kwenye Windows ikigoma kwa `/bin/bash^M: bad interpreter`, nano itakuambia chini ya skrini wakati wa kulifungua kwamba imebadilisha kutoka mtindo wa DOS. Usidhani imekwisha: ukihifadhi, inarudisha mtindo ule ule. Bonyeza Ctrl+O, halafu Alt+D mpaka maneno `DOS Format` yaondoke, ndipo Enter. Alt isipofanya kazi, bonyeza Esc kisha D.

Kwenye simu, ndani ya Termux (programu ya terminal ya Android), vitufe vya Ctrl na Alt viko juu ya kibodi, na kitufe cha kupunguza sauti nacho hutumika kama Ctrl. Amri kuu za nano zinaonekana chini ya skrini muda wote, na kwa kidole gumba hilo ni bora kuliko vim, kihariri kingine cha terminal. Kwa kubadilisha neno moja kwenye mafaili ishirini, vim inashinda bila ubishi, na nayo huokoa kazi kwa `vim -r`.

Angalia toleo kwa `nano --version`. Yaliyotangulia 4.0 ya mwaka 2019 hukata mistari mirefu unapoiandika, na mstari wa crontab (ratiba ya cron) ukikatwa vipande viwili, cron inaukataa kwa `bad minute`. Ubuntu 18.04 ina 2.9.3 na Debian 10 ina 3.2, kwa hiyo kwenye mashine hizo fungua kwa `nano -w`.