The Firm ya John Grisham: ofa tamu mpaka inatia shaka

Hii riwaya nimeiokota kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, buku tano, jamaa alianza na kumi nikajifanya naondoka. Ni ya 1991, kurasa zishakuwa za njano, na aliyeisoma kabla yangu kazungushia peni pale kwenye mshahara wa Mitch, wakili kijana wa kwenye stori, dola 80,000 kwa mwaka, pembeni kapiga hesabu ya shilingi kwa chenji ya enzi zake. Nilicheka ila nikamuelewa.

Maana utamu wote uko kwenye hiyo ofa. Mitch McDeere katoka Harvard, kwao choka mbaya, kaka yake yuko jela, halafu kampuni ya mawakili ya Memphis inampa BMW, inamlipia madeni ya shule, inamsaidia nyumba, mpaka inataka kujua atazaa lini, yaani msomaji unaona kabisa huu ni ulimbo ila na wewe ungesaini tu bana. Kumbe nyuma yake kuna mafia wa Chicago, hela zinatakatishwa visiwa vya Cayman, na mawakili waliotaka kuondoka wameondoka ndani ya jeneza. Akija kushtuka FBI nao wameshamkaba, akinyamaza atafungwa pamoja na wenzake, akiongea atauawa. Nyumbani kumejaa vinasa sauti, inabidi yeye na mkewe Abby watoke nje kunong'ona, hapo nilisoma mpaka saa nane usiku umeme hamna, tochi ya simu mdomoni.

Robo ya mwisho ndo imenichosha, wanajificha moteli ya Florida na stori inavutwa weee, kurasa kadhaa niliruka sitadanganya.

Wale mlioona muvi ya Tom Cruise ya 1993 msidhani mmemaliza. Kule Mitch anawanasa mabosi wake kwa kosa lao la kuwabambikia wateja bili, anabaki na uwakili wake safi. Kitabuni dogo anachota dola milioni 10 za kampuni anatokomea nazo. Mi namuamini zaidi huyu wa kitabuni, kakaa na wezi na kidogo kawa kama wao.

Kiingereza chake chepesi, kamusi hutaihitaji sana. Kopi yangu nimemuazima binamu yuko Law School, juzi kafika kwenye BMW, kanitumia meseji saa tano usiku: "Hizi kampuni maombi wanapokea lini?"