Kifaa cha GPS cha mkononi: tathmini baada ya miezi mitatu katika njia ya Dar es Salaam na Unguja

Kwa miezi mitatu nimekitumia kifaa hiki katika mashua ya mizigo inayokwenda kati ya Dar es Salaam na Unguja, na nililotaka kulipima zaidi ni kama kinamsaidia nahodha kuhesabu safari yake mwenyewe au kinampa tarakimu za kuamini tu.

Upande wa umbo sina malalamiko. Kinaelea kikianguka majini, vitufe vyake vinabonyezeka kwa mikono iliyolowa, na kioo chake husomeka hata jua la mchana likiwa kali.

Kasoro iko katika mpangilio kilichotoka nao kiwandani. Nilipokiwasha mara ya kwanza kilionyesha umbali kwa maili za nchi kavu, mwendo kwa kilomita kwa saa, na mahali kwa nyuzi zenye desimali. Kwa mtembea porini hayo hayana neno, lakini baharini yanavunja uhusiano uliopo kati ya ramani, umbali na mwendo. Maili ya baharini, ambayo mkutano wa kimataifa wa Monaco wa mwaka 1929 uliiweka kuwa mita 1,852, asili yake ni dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Na noti ni maili moja ya baharini kwa saa. Kwa hiyo chombo kinachoelekea kaskazini moja kwa moja kwa noti 10 hubadilisha latitudo yake kwa dakika 10 kila saa, na nahodha anaweza kukikagua kifaa kwa kutazama saa yake ya mkononi.

Njia yetu inafaa sana kwa ukaguzi huo. Bandari ya Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 6 dakika 49 kusini, na ya Unguja karibu na nyuzi 6 dakika 10, hivyo latitudo peke yake inatupa maili 39. Longitudo hutofautiana kwa dakika kama sita tu, na safari nzima haifiki maili 40. Nilipobadilisha vipimo, kifaa kilitoa jawabu hilo hilo, na hapo ndipo nilipoanza kukiamini.

Desimali ndizo zinazonitia hofu. Tarakimu 6.30 maana yake ni nyuzi 6 dakika 18, lakini baharia aliyezoea ramani ya karatasi huisoma kuwa dakika 30, na kosa hilo ni la maili 12. Msaidizi wangu aliisoma hivyo siku ya pili, akaweka alama kwenye ramani mbali kusini, wakati mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ulikuwa umeshatukaribia mbele yetu mchana kweupe. Usiku wenye mvua tusingekuwa na mnara wa kutusahihisha.

Dakika ya longitudo nayo hupungua urefu kadiri mtu anavyotoka ikweta. Pwani yetu upungufu huo ni kama nusu ya asilimia, ndiyo maana wengi hupima umbali kwenye ukingo wowote wa ramani bila kudhurika. Katika latitudo ya nyuzi 60 dakika hiyo ni nusu tu ya maili. Kifaa hulihesabu jambo hili sawasawa, ila kitabu chake cha maelekezo hakilitaji popote, nami naliona hilo kuwa pungufu kubwa.

Mnunuzi ajue pia kwamba mwendo unaoonyeshwa ni wa chombo juu ya ardhi. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini na hupata nguvu wakati wa kusi, kwa hiyo injini ile ile, kwa mzunguko ule ule, hutoa noti nyingi zaidi tunapokwenda Unguja kuliko tunaporudi. Kifaa hakijakosea, kinachobadilika ni maji.

Ninakipendekeza kwa manahodha wa vyombo vidogo, kwa sharti kwamba kabla ya kung'oa nanga waweke maili za baharini, noti, na nyuzi zenye dakika.