Dakta Achari na filamu nyingine tatu za kuitania hofu

Mtoto wa kaka yangu alinijazia filamu nne kwenye flashi, akanikabidhi huku anacheka: "Shangazi, hizi ni za mizimu, lakini hazitishi." Zote fupi, hata nusu saa hazifiki, nyeusi na nyeupe, na tatu kati yake ni bubu kabisa. Nikaziweka Jumamosi baada ya isha: mimi, watoto watatu, na mama yangu mwenye miaka 74 ambaye hana habari na filamu isiyo na harusi.

Nianze na iliyotushika. Inaitwa Dr. Pyckle and Mr. Pryde, ya 1925. Mchezaji ni Stan Laurel, yule mwembamba wa wachekeshaji Laurel na Hardy, kabla hawajawa jozi. Anakitania kisa cha Dr. Jekyll and Mr. Hyde, cha daktari anayekunywa dawa aliyoibuni mwenyewe akageuka katili. Kitabu cha Stevenson kilitoka 1886, na 1920 John Barrymore alikicheza kwenye filamu kwa kuupinda uso wake mpaka watu wakaingiwa na baridi. Sasa hilo jina Pyckle, ukilitamka tu, ni "pickle" ya Kiingereza, yaani achari. Basi kwetu akawa Dakta Achari, na limemkaa.

Dakta Achari anakunywa dawa, anajinyonganyonga, anaibuka mtu mwingine: nywele timtim, mgongo kombo, tabasamu la fisi. Anaingia mtaani. Wanangu wakavuta shuka hadi puani. Kuna mtoto kasimama na aiskrimu yake. Zimwi linamnyemelea, linampokonya, linatimua mbio. Basi! Uovu wenyewe ndio huo. Mara anampulizia mtu punje kwa mrija. Mara anakijaza pumzi kifuko cha karatasi, anamnyatia mama wa watu kwa nyuma, anakipasua, pwaa, kisha anakimbia akijichekea kama aliyeteketeza kijiji. Na mji mzima unafura, watu wanamsaka kama jambazi sugu.

Mama yangu akatoa hukumu: "Huyu si shetani. Huyu ni yule mtoto wa nyumba ya tatu."

Uzuri wake ni kwamba Laurel hacheki na zimwi lake. Anakunja vidole, anazungusha macho, anatambaa na ukuta kwa bidii ileile ya Barrymore, halafu kazi yote hiyo ni ya kuiba aiskrimu. Mle sebuleni, ukinitoa mimi, hakuna aliyewahi kumsikia Jekyll, na haikuharibu kitu. Maandishi yakitokea nilikuwa nayageuza Kiswahili papo hapo, nikajikuta nimekuwa kama wale watafsiri wa vibanda vya video, naongeza chumvi yangu. Filamu bubu inakuachia nafasi hiyo.

Ya pili ni The Haunted House ya Buster Keaton, 1921. Huyu hacheki hata umtekenye. Ni karani wa benki, gundi inamwagikia noti, pesa zinamganda yeye na wateja. Baadaye anasingiziwa wizi, anakimbilia nyumba yenye mizuka. Mizuka yenyewe ni watengeneza noti bandia waliojifunika mashuka ili watu wasisogee. Hapo mama yangu aliitikia kwa kichwa, maana anajua: huku kwetu nyumba ikikaa tupu miaka miwili ishapewa majini, na wa kwanza kuyaeneza ni anayetaka aiuziwe kwa bei ya chee. Angalieni ngazi. Keaton akipanda, vidato vinajilaza, ngazi nzima inakuwa utelezi, naye huyo chini. Anapanda tena. Tena chini. Mwanangu wa mwisho aliomba nirudishe nyuma mara nne. Mwishoni anaota anapanda ngazi ndefu hadi mlango wa mbinguni, anakataliwa, na ngazi ile inafanya yaleyale, safari hii mpaka motoni. Sijawahi kuona utani mmoja ukipikwa dakika ishirini bila kuungua.

Yenye sauti ni We Want Our Mummy ya Three Stooges, wachekeshaji watatu wa kupigana vibao, 1939, miaka saba baada ya The Mummy, ile filamu ya kutisha ya Boris Karloff kuhusu maiti wa Misri aliyefungwa bandeji. Wanatoka New York kwenda Misri kwa teksi! Mmoja wao, Curly, anajifunga bandeji ajifanye maiti wa mfalme. Mwizi anampasua akitafuta vito, anachomoa gazeti, anasoma kwa sauti kuwa Yankees wamechukua ubingwa wa besiboli. Maiti anajibu kwamba ndiyo, naye kashinda dola tano. Nilicheka peke yangu. Utani wa maneno hautafsiriki ukiwa mbioni, na vile vibao na kutiana vidole machoni vinamchosha mtu. Niliogopa zaidi watoto wasije wakajaribu.

Ya nne niliizima. Haunted Spooks ya mchekeshaji Harold Lloyd, 1920, ina sifa zake: katikati ya kuitengeneza, Agosti 1919, bomu alilodhani la maigizo lilimlipukia mkononi likamkata kidole gumba na cha shahada, naye akarudi akaimaliza. Lakini watumishi weusi wamewekwa mle watoe macho na kutetemeka tu, na maandishi ya maneno yao ni Kiingereza cha kuwakejeli. Mwanangu akauliza kwa nini wao ndio waoga kuliko wote. Nikasema tulale.

Mkitaka kuzipakua, ya Laurel na ya Keaton ni halali na bure, hakimiliki zake Marekani zimekwisha. Chagueni nakala safi. Yetu ya Dakta Achari ilikuwa na ukungu, na mtu kaibandikia kinanda kisichojua kinachoendelea, kinalia kama msibani wakati mtu anapokonywa aiskrimu. Zimeni sauti, someni wenyewe.