Kichujio cha meseji taka: kizuri kwa linki, dhaifu kwa "Hongera, umeshinda"

Mama alipoanza kuandamwa na meseji za bahati nasibu, nilimwashia kichujio kilichomo ndani ya programu ya ujumbe ya simu yake. Unaingia kwenye mipangilio, unawasha ulinzi dhidi ya ujumbe taka, basi. Hulipii chochote.

Meseji zenye linki ndefu za ajabu kinazikamata vizuri na kuzitupa kwenye folda ya pembeni bila simu kulia. Kwa mama, ambaye simu ikilia lazima aisome hapo hapo, hiyo ni nafuu kubwa sana.

Zinazopenya ni zile za Kiswahili kilichonyooka: "Namba yako imeshinda kwenye droo, piga hapa uchukue zawadi." Hazina linki, zimetoka kwenye namba ya kawaida, kichujio hakioni kosa. Na hizo ndizo zinazowaliza watu! Ukipiga, unaombwa utangulize ada ya usajili. Ukilipa, inazuka kodi. Ukilipa kodi, inazuka gharama ya kusafirisha zawadi. Wengine hawataki hata pesa, wanataka uwasomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi, ambazo ndizo za kufungulia akaunti yako. Maongezi hayo kichujio hakiyasikii.

Kinachonitia hofu zaidi ni jina la mtumaji, maana linaweza kughushiwa. Simu hupanga meseji kwa jina, hivyo ya tapeli aliyejibandika jina la kampuni huweza kujipanga chini ya meseji halali za kampuni hiyo hiyo. Mama alinionyesha moja ya namna hiyo na ilifanana kabisa na za kweli. Nikamuuliza tu, "Mama, tiketi ya droo ulinunua lini?" Hakuwahi kununua. Tukaifuta.

Pia pitia ile folda mara kwa mara, kwa sababu folda ya mama ilimeza ukumbusho wa kliniki.

Kichujio nakipa nyota tatu kati ya tano, na bado nawashauri wenye wazazi wakiwashe leo. Meseji ikipenya, msiifute kimya kimya. Ibonyezeni muishikilie, mchague kuripoti na kuzuia namba, ndipo muifute. Ukiifuta tu, namba ile inabaki na njia ya kumwandikia tena kesho.